Matundu ya Mjapani na Matundu ya Mbuzi

Kabla Mzee Shabani hajanikabidhi sindano, alinifundisha kutazama pembeni. Mteja akileta mkoba, alisema, mwache atoe vitu vyake mwenyewe, na wewe wakati huo tazama barabarani kama mtu anayesubiri mgeni. Mikoba ya watu ina mambo. Siku yangu ya kwanza kwenye kibanda chake, jirani na soko la Majengo, nilitazama barabarani mpaka shingo ikakakamaa, na sikugusa hata uzi.

Nawaandikia ninyi mliobaki kwenye safu yetu ya mafundi viatu na mikoba kwa sababu mmenisumbua. Mlisema haifai mtu akae kazini umri mzima halafu afunge kibanda na kuondoka kama aliyekwenda kununua chumvi. Haya. Lakini habari za kibanda nilikipataje, na siku nzuri nilikuwa napata kiasi gani, hamtazikuta humu. Mnazijua tayari, na msizozijua mmeshazitunga.

Nilizaliwa kijiji kimoja cha upande wa Kongwa, kwa watu wa mtama na ng'ombe. Ngozi niliifahamu ikiwa bado inatembea. Nilikuja Dodoma mjini kukaa kwa shangazi yangu, nikitaka kujifunza cherehani nishone magauni ya harusi, na huenda ningeyashona kama kiatu cha shangazi kisingekatika mkanda. Akanituma nikipeleke kwa Mzee Shabani. Nilikaa kungoja, nikamwona akipitisha nyuzi mbili kwenye tundu moja, mmoja unakwenda na mwingine unarudi, zinapishana ndani ya ngozi kama watu wanaofahamiana. Kesho yake nikarudi na kiatu changu mwenyewe.

Alikigeuza, akakikunja, akakinusa. "Hiki kizima."

"Najua, mzee."

"Sasa umekileta nini?"

"Nimekuja kuangalia."

Akanivutia kigoda kwa mguu. "Keti. Lakini usiniangalie usoni, usoni hakuna kazi. Angalia mikono."

Mzee Shabani ni Mrangi wa Kondoa, mtu wa swala tano na maneno machache. Mimi Mgogo, binti wa kwaya, maneno sikuwa nayahesabu. Tulielewana vizuri kwa sababu kila mmoja alikuwa na kile alichokikosa mwenzake. Ijumaa akienda msikitini aliniachia kibanda, na hapo ndipo nilipojifunza nusu ya kazi, ile nusu ya wateja. Mtu alikuwa anafika, ananiona nimeshika nyundo, anauliza, "Fundi yuko wapi?"

"Ni mimi."

"Hapana, fundi mwenyewe."

Wengine waliketi kumngoja mzee arudi. Alipofika na kuambiwa kwamba kuna binti ameng'ang'ania kuwa fundi, alijibu, "Huyo si fundi, ni mkubwa wangu. Mpe kiatu." Halafu alichukua birika lake la maji akaenda kukaa kivulini, na mteja akabaki na mimi, apende asipende.

Vifaa vyangu mnavijua, vingine mmevirithi bila kuniuliza. Wembe wa kufumulia, koleo, mshumaa wa kulainishia zipu, nta ya kupaka uzi, na msharasi, kile kichuma chenye ncha cha kutobolea ngozi. Msharasi wangu Mzee Shabani aliuchonga mpini wake kwa mti wa mninga, kwa kipimo cha kiganja changu, siku ile aliporidhika kwamba sitaolewa nikaacha kazi. Niliolewa, na kazi sikuacha. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa anawaambia watu kwamba kwake viatu vibovu vinaingia kwa wingi kuliko wageni.

Kazi ngumu zilikuwapo nyingi. Siku moja Jumamosi alikuja kijana amevaa suti, anahema, mkononi ana pochi ya shangazi yake ambayo zipu yake ilikuwa imeng'ata. Ndani mlikuwa na pete za maharusi, na maharusi walikuwa kanisani. Nilipaka mshumaa, nikavuta, ikakataa. Nikafumua upindo wa chini kwa wembe, nikazitoa pete kwa mlango wa nyuma, nikampa akakimbia. Pochi alisahau kuja kuichukua mpaka walipobatiza mtoto.

Kisha Serikali ilipohamia kwetu kwa kishindo, mikoba nayo ikahamia. Zamani kazi yetu ilikuwa viatu vya shule, mabegi ya wanafunzi na kandambili za wazee waliozipenda kuliko watoto wao. Sasa ikawa mikoba ya maofisini yenye majina ya ng'ambo. Kuna jina moja la Kiitalia nimelishona likiwa limeandikwa kwa namna tatu tofauti, na wenyewe wote watatu waliapa kuwa ni halisi. Sikubishana. Fundi si polisi wa forodha.

Nilidhani nimeshaona kila mkoba uliopata kushonwa na binadamu. Ndipo akaja Mama Pendo.

Ilikuwa mwanzoni mwa msimu wa mahindi, upepo wa Dodoma umeanza kutupa vumbi kwenye chai. Mwanamke mrefu akasimama mbele ya kibanda, ana sauti ya mtu aliyezoea kuita lori lisimame.

"Mbukwa, fundi," akanisalimia kwa Kigogo.

"Mbukwa. Karibu, mama."

"Natoka Kibaigwa. Nimeambiwa wewe hushindwi. Nimekuja kuona kama waliosema hivyo ni waongo."

Akaweka mezani kitu. Kwanza nilidhani ni koti lililopigwa radi. Kilikuwa cha kitambaa kizito cha sufu nyeusi, kimeunganishwa na ngozi. Upande mmoja kilikuwa na kola, kola kabisa kama ya koti la mwalimu mkuu. Ubavuni kulikuwa na vifungo ambavyo hakuna viwili vilivyofanana. Ubavu mwingine ulikuwa na mkono. Simaanishi mkono wa kushikia. Namaanisha mkono wa nguo, mfupi kama wa mtoto, umeshonewa pale na unatazama kwenye anga kama unaomba ruhusa ya kusema. Zipu ilipita kiunoni. Upande wa kwenye kola kulikuwa na vishikio viwili vifupi, na upande wa pili mkanda mmoja mrefu. Na kila mahali, juu ya hayo yote, kulikuwa na viraka vyekundu vya turubai la lori.

"Ni mkoba," akasema Mama Pendo, maana aliona ninavyotafuta neno.

Nikamwomba atoe vitu vyake, nikatazama barabarani. Alitoa kwa muda mrefu. Mwisho akachomoa kutoka kwenye ule mkono wa nguo bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji ambacho wanunuzi wa nafaka huchomea gunia kutoa punje za kuangalia. Akaliweka mezani kama askari anavyoweka bunduki yake.

Mama Pendo alikuwa dalali wa mahindi. Mume wake alipomwacha na watoto, aliingia soko la Kibaigwa kuuza uji, akawatazama madalali wanavyofanya, akaona kwamba kazi ile inataka mdomo na macho, na vyote anavyo. Ila hakuwa na mkoba. Kwenye mnada mmoja alimkuta muuza mitumba ameukalia huu, akidhani ni koti lililoharibika kiwandani. Akaununua kwa sababu ulikuwa rahisi kuliko mfuko wa plastiki. Wiki hiyo hiyo sokoni wakaanza kumcheka, na kucheka huko kukawa bahati yake.

"Madalali tuko wengi kama panzi," aliniambia. "Dereva anatoka Arusha, anatoka Tanga, hajawahi kuniona. Akifika sokoni akiuliza Mama Pendo ni nani, watu watano wanamwambia ni mimi, hata wanaume. Lakini tajiri wake akishamwambia tafuta mama mwenye mkoba mweusi wenye mkono, hapo hakuna wa kumdanganya. Huo mkoba kwangu ni bango."

"Na haya matundu?"

"Matundu mengine ulikuja nayo. Mengine mbuzi."

"Mbuzi wa nani?"

"Wangu mwenyewe. Niliuacha kwenye kiti, ulikuwa unanukia pumba."

"Yuko wapi sasa huyo mbuzi?"

"Tulimla."

"Kwa hasira?"

"Kwa wali."

Baada ya mbuzi alikuja fundi wa kule kwao, kijana mwenye roho nzuri, ambaye aliona matundu akayaziba. Yote. Ya mbuzi na yale mkoba ulikuja nayo, hakubagua. Akashonea turubai jekundu kwa sababu ndilo alilokuwa nalo. Siku tatu baadaye dereva wa mteja mpya akazunguka soko zima akitafuta mkoba mweusi wenye mkono, akampita Mama Pendo mara mbili, akaenda kupakia kwa dalali mwingine. Tajiri wake hajapiga simu tena.

"Mwingine anatuma lori wiki ijayo," akasema, na sauti yake kwa mara ya kwanza ikashuka. "Huyu naye akinipita, fundi, narudi kwenye uji. Na uji sasa unauzwa na mabinti wenye mbio kuliko mimi."

Nikamwambia aniachie. Alihamishia vitu vyake kwenye mfuko wa kawaida, akaondoka akiutazama ule mfuko kama mtu aliyevalishwa sare za shule isiyo yake.

Kufumua viraka kulinichukua asubuhi nzima, maana yule kijana alikuwa ameshona kwa moyo wote. Vilipotoka ndipo nikaona ukubwa wa mtihani. Mbele yangu kulikuwa na matundu ya watu watatu: ya aliyeubuni, ya mbuzi, na ya sindano ya Kibaigwa. Kazi yangu ilikuwa kuziba ya mmoja, kufuta ya mwingine, na kuyaheshimu ya wa tatu. Na yote yalikuwa meusi kwenye kitambaa cheusi.

Nawaambieni kitu ambacho kitawasaidia siku moja. Tundu lililokusudiwa lina adabu zake. Nilipoyageuza upande wa bitana nikaona kwamba baadhi yamezungushiwa uzi mwembamba, rangi ile ile, uliofichwa ili kingo zisiendelee kuchanika. Mtu alikaa akatoboa nguo nzima, kisha akakaa tena akaizuia isiharibike zaidi. Sijui ni maisha ya namna gani. Matundu ya mbuzi hayakuwa na uzi, yalikuwa na meno. Nikachukua chaki nyeupe, ya aliyeubuni, Mjapani nitakayemfikia sasa hivi, nikayawekea duara, ya mbuzi nikayawekea msalaba. Tatizo likawa pale mbuzi alipoanzia kutafuna kwenye tundu la Mjapani na kulipanua. Hapo nikaweka duara na msalaba juu yake, nikaenda kunywa chai.

Kwamba ni wa Kijapani nilijua kwa jirani yangu Rajabu, fundi simu. Ndani ya mkoba kulikuwa na kitambaa kidogo chenye maandishi ya visanduku visanduku, na chini yake herufi chache za kwetu. Rajabu alikipiga picha, akaitafuta mtandaoni, na baada ya muda akaanza kupiga miluzi.

"Mama, huu mkoba si wa mchezo. Huyu mbunifu huko Japani anasifika kwa kufanya mambo kinyume. Nguo zake zina mikono mitatu. Suruali inafungwa mgongoni."

"Watu wanavaa?"

"Wanapanga foleni."

"Tafuta picha ya huu wenyewe," nikamwambia. "Nataka kuona matundu yalikaa wapi."

Aliipata. Si huu wenyewe, ndugu yake, maana inaonekana hakuna miwili iliyotobolewa sawa. Kulikuwa na binti mwembamba amesimama kando ya ukuta mweupe, uso wake kama aliyefiwa asubuhi hiyo, na mkoba unaning'inia kwenye kiganja chake. Nikavaa miwani, nikatazama, nikaona kuna kitu hakikai sawa.

"Geuza simu," nikamwambia Rajabu.

Akageuza. Picha nayo ikajigeuza, binti akabaki amesimama vile vile.

"Geuza tena."

"Mama, hata nikigeuka mimi, picha ni hiyo."

Kwenye picha kola ilikuwa juu. Binti alishika vile vishikio viwili vifupi kandokando ya kola, mkono wa nguo ukaning'inia chini kama mkono wa mtu aliyechoka, na ule mkanda mrefu ulikuwa unaburuzika sakafuni kama mkia, kwa makusudi kabisa. Mama Pendo wa Kibaigwa alikuwa anautundika begani kwa mkia. Miaka yote hiyo, mbele ya madereva wa nusu ya nchi, alikuwa anaubeba mkoba ule kichwa chini miguu juu.

Rajabu alicheka mpaka akaketi. Kisha akaacha ghafla. "Usimwambie, mama. Mtu mzima, sokoni kwake. Ataona haya."

Hata mimi nilitaka nisimwambie. Lakini mbuzi alikuwa ametafuna pia shina la ule mkanda mrefu, na vishikio viwili vilikuwa vimelegea kwa kukaa bila kazi. Mkoba huimarishwa pale unapobeba uzito. Nikiimarisha mkia, namkosea aliyeubuni. Nikiimarisha vishikio, Mama Pendo ataubeba kama alivyozoea, ukatike katikati ya soko na mahindi ya watu. Nikakaa na jambo hilo siku nzima, nikishona viatu vya watu wengine vibaya vibaya. Mwisho nikampigia simu Mzee Shabani. Yuko Kondoa kwa wanawe, macho yameisha, masikio bado.

Nilimweleza yote, pamoja na mbuzi. Nikasikia kuku wa huko kwao.

"Mwenye mkoba anasemaje?" akauliza.

"Sijamwambia."

"Sasa unaniuliza mimi nini? Mimi nina mkoba?"

Nikamtumia Mama Pendo ile picha kwenye simu yake, na ujumbe mfupi kwamba tuzungumze akipata nafasi. Nafasi aliipata hapo hapo, akanipigia. Nyuma yake nilisikia mashine za kupukuchua na watu wakiitana.

"Fundi, huyu binti ni dalali?"

"Sidhani."

"Mbona kaushika hivyo?"

Nikamweleza taratibu, kama daktari anayetoa majibu. Kwamba kola ni juu. Kwamba mkanda ni mkia. Kwamba huko ulikotoka ndivyo unavyobebwa. Nikaitazama simu kuona kama bado yuko hewani.

"Kwa hiyo miaka yote hii," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na hakuna aliyeniambia."

"Hakuna aliyejua."

"Ndiyo maana kale kamfuko ka ndani kananimwagia sarafu," akasema polepole. Halafu akaanza kucheka. Alicheka kicheko kirefu cha tumbo, nikasikia mtu pembeni akimuuliza kuna nini, naye akimjibu, "Nimepata habari za mkoba, niache." Alipomaliza, sauti ilikuwa ya kazi. "Sikiliza, fundi. Huo mkono ukitazama chini, bambo langu litakaa wapi?"

"Litaanguka."

"Litamchoma mtu mguu. Huyo Mjapani amewahi kufika Kibaigwa?"

"Sijasikia."

"Basi na tusimsumbue. Nitengenezee kama ninavyoubeba. Madereva wanaujua hivyo hivyo. Na kale kamfuko kageuze, kakae sawa na mimi."

Nikashona. Kitambaa cha kuzibia matundu ya mbuzi nilikipata kwenye mkoba wenyewe. Nilifungua kola kwa chini, mahali ambapo kwa ubebaji wa Kibaigwa hakuna atakayepaona, nikakata sufu ile ile, nzee ile ile, na mahali pake nikaweka kipande cha suruali ya marehemu mume wangu, nyeusi, ambayo nilikuwa sijui pa kuipeleka. Nyuzi za viraka nilizivuta kutoka kwenye pindo za kitambaa hicho hicho, moja moja, asubuhi tu, mwanga ukiwa bado mpole. Mikono ilikuwa inatetemeka kidogo siku hizo. Nilikuwa napiga mshono, napumzika, napiga mwingine. Mkia niliuimarisha kwa ngozi ya ndani na nyuzi mbili, mmoja unakwenda na mwingine unarudi. Vishikio viwili niliviacha vimelegea, visije vikampa mtu mawazo. Pale ambapo tundu la Mjapani na la mbuzi yaliungana, niliziba sehemu ya mbuzi na ya Mjapani nikaizungushia uzi mwembamba kama alivyofanya yeye. Ilikuwa mara yangu ya kwanza maishani kutengeneza tundu. Nilipomaliza nilijisikia vibaya, halafu nikajisikia vizuri sana.

Lori lilikuwa linakuja kesho yake, na Mama Pendo alikuwa hawezi kuyaacha magunia. Kulipokucha nikaupeleka mwenyewe. Niliteremka Kibaigwa jua limeanza kuwa kali, barabara imejaa malori yaliyopangana kama ng'ombe kwenye birika la kunyweshea. Mkoba nilikuwa nimeutundika begani kwa mkia, kola chini, mkono juu. Sikutaka kuubeba kwa namna nyingine, maana nilitaka kuusikia ule mshono ukivuta.

Sijatembea mbali mtu akaniita, "Mama Pendo, leo umefupika." Mwingine akanipungia kutoka juu ya magunia. Muuza miwa akanisalimia, akanitazama usoni, akautazama mkoba, akaamua kuuamini mkoba. Kisha lori moja kubwa likapunguza mwendo ubavuni mwangu, likasimama, na dereva wa makamo akateremka na kofia mkononi.

"Shikamoo, Mama Pendo. Nimetumwa kutoka Arusha. Nimekuona kwa mbali."

"Marahaba, mwanangu. Lakini mimi siye."

Akatabasamu kwa subira. "Tajiri aliniambia watu wengi watajifanya kuwa ni wewe. Hakuniambia kwamba mwenyewe utakataa."

"Nasema kweli. Mimi ni fundi tu. Nimeushona."

"Umeushona wapi?" Akauzunguka mkoba, akainama, akautazama toka kola mpaka mkia. "Huu hauna mahali palipotengenezwa. Twende, mama. Siku inakwisha."

Nikageuka, nikaelekea kule Mama Pendo aliponielekeza, nyuma ya mizani, na lori la tani sijui ngapi likanifuata polepole, mbele ya soko zima, kama bibi harusi na gari lake. Madalali walisimama kutazama. Hakuna hata mmoja aliyejaribu kumwita yule dereva.

Mama Pendo alikuwa katikati ya magunia, kilemba kimekaa upande, vumbi mpaka kwenye kope. Alimwona dereva, akaliona lori, akanyoosha mkono, nikamvulia mkoba. Akauvaa bila kuutazama. Bambo lilikuwa limechomekwa kwenye gunia lililo karibu; akalichomoa, akalitia kwenye gunia la pili, akammiminia dereva punje kiganjani. "Onja mwenyewe, baba. Yamekauka. Mengine kama haya yako pale nyuma." Kisha akalisokomeza bambo kwenye ule mkono, akaanza kutaja magunia, na dereva akaanza kuitikia.

Mimi nilibaki nimesimama. Nilikuwa nimejiandaa. Nilitaka aufungue, autazame kwenye jua, atafute kiraka akikose, aniulize nimefanyaje, nami nimwambie habari za kola na nyuzi za kuvuta. Nilikuwa nimeshaamua kwamba hiyo ndiyo kazi yangu ya mwisho, na njiani nilikuwa nimepanga hata maneno.

Mama Pendo akageuka, akaniona kama mtu anayekumbuka kitu.

"Fundi," akasema, "hebu sogea kidogo hapo, unakanyaga mahindi."

Nikasogea.